Kisa Kimo Ndani ya Daftari la Meli

Wanaoanza kuendesha mchezo wa kuigiza wa meli za angani huniuliza swali lile lile: visa nivitoe wapi? Wamekwisha kuchora ramani ya nyota, wamewapa wachezaji meli, wamebuni dola kubwa lenye majeshi na viumbe wa ajabu. Jumamosi inakaribia, na bado hawajui watu watakaoketi mezani watafanya nini. Nami huwauliza: meli yao inadaiwa kiasi gani?

Nimekuwa refa wa Traveller kwa miaka mingi hapa Mombasa, na sijaona mchezo unaomfundisha mtu kubuni visa kama huu. Uliandikwa na Marc Miller, ukatolewa mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop ya jimbo la Illinois, Marekani. Vilikuwa vijitabu vitatu vyeusi ndani ya kisanduku, na juu ya kisanduku maneno machache ya meli ya biashara iitwayo Beowulf ikiomba msaada. Siku hizi huchapishwa na Mongoose Publishing ya Uingereza. Wachezaji huigiza mabaharia wa anga: rubani, fundi mitambo, mganga, mhudumu wa abiria. Refa huwaeleza wanachokiona na kukisikia, nao husema wanafanya nini. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu mbili. Katika sheria za Mongoose, jumla ya 8 au zaidi ndiyo kufaulu. Hakuna anayemshinda mwenzake. Hadithi hutungwa pale pale, kwa vinywa vya walioketi.

Hesabu ya meli ndiyo iliyonifanya nisiuache mchezo huu. Meli ndogo ya biashara ya tani 200, kwa sheria za awali, bei yake ni krediti 37,080,000. Ukishatoa malipo ya mwanzo ya asilimia 20, benki hukukopesha zilizobaki, nawe hulipa kila mwezi sehemu moja ya 240 ya bei ile, kwa miezi 480. Yaani krediti 154,500 kila mwezi kwa miaka 40. Sasa chukua kalamu. Ghala lina nafasi ya tani 82, na kila tani hulipiwa krediti 1,000 kwa safari. Vyumba ni kumi. Mabaharia wanne wakichukua vyao, vinabaki sita vya abiria wa daraja la juu, kila mmoja krediti 10,000. Safari ni mbili kwa mwezi. Ghala na vyumba hivyo vikijaa kila mara, meli itaingiza 284,000. Toa deni, toa mishahara, toa mafuta, toa gharama ya hewa na chakula, na kinachobaki ni kama 44,000, kabla hujalipa ada za bandari na matengenezo ya kila mwaka. Ikiondoka na tani 60 na abiria watatu, wamekula hasara.

Rafiki yetu mmoja, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandari ya Kilindini, aliitazama karatasi ya hesabu hii na kusema, "Refa, hii ni matatu ya mkopo." Tangu hapo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Ona yanayozaliwa hapo. Mafuta yaliyosafishwa ni krediti 500 kwa tani. Yasiyosafishwa ni 100, na ukiwa na ujasiri unaweza kushuka kwenye sayari kubwa ya gesi ukachota haidrojeni bure. Lakini mafuta machafu huharibu injini, na yanaweza kuitupa meli mahali isipokusudia. Abiria maskini hulazwa usingizi wa baridi kwa krediti 1,000 tu, na huenda asiamke. Muuguzi anayecheza nasi kama mganga wa meli alikataa kumlaza mzee fulani, fundi akamwambia nafasi tupu haina faida kwa mtu yeyote, wakabishana kwa uchungu hasa. Sikuwa nimeandaa kisa chochote jioni hiyo zaidi ya abiria mmoja mgonjwa na ghala lisilojaa.

Jambo la pili linalozaa visa ni ukimya. Katika Traveller meli huruka kutoka nyota hadi nyota, umbali wa paseki moja hadi sita kulingana na injini yake, na paseki moja ni kama miaka ya nuru 3.26. Mruko wowote, mfupi au mrefu, huchukua takriban wiki moja. Katika wiki hiyo meli haisikii wala kusikika. Hakuna redio inayoishinda meli kwa kasi, kwa hiyo habari husafiri pamoja na mabaharia. Bwana mmoja wa kundi letu, ambaye baba yake alikuwa nahodha wa jahazi enzi za safari za Ghuba, alilielewa hilo mara moja: anayeshuka gatini ndiye gazeti, na anaweza kuuza habari, kuificha au kuipotosha.

Basi mpe mchezaji barua aipeleke, na umwambie atakuwa wa kwanza kujua kwamba gavana wa kule aendako amekwisha kufukuzwa kazi. Au fanya kinyume chake: waache waruke kwa amani, wafike bandari ambayo bendera yake imebadilika. Hili halijatungwa hewani. Mei 1991 mwanaanga Sergei Krikalev alipaa kwenda kituo cha anga cha Mir akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti. Alipotua Machi 1992 nchi hiyo haikuwapo tena. Kazakhstan alikotua ilikuwa nchi huru, na mji wake wa Leningrad ulikwisha kuitwa Saint Petersburg. Fikiria mabaharia wako wana sarafu, vibali na mkataba wa serikali iliyokufa wakiwa njiani. Nani sasa atawalipa? Na yule afisa waliyembeba, ambaye cheo chake kimeyeyuka, watamshusha wapi?

Kwa kutafuta kisa chenye mwajiri, nimejifunza mengi kutoka kijitabu cha mwaka 1980 kiitwacho 76 Patrons. Kinatoa mtu, kazi na malipo. Kisha chini yake huweka kweli kadhaa tofauti, na refa hurusha dadu kujua ipi ndiyo yenyewe. Nimeitumia njia hiyo hadi imekuwa tabia. Nina kisa changu kimoja ninachokipenda kuliko vyote, nami nakitoa hapa kitumiwe na yeyote.

Katika mji wa machimbo, bandari duni, hewa ya sumu, wakazi mia kadhaa, mama mjane anataka jeneza la mumewe lipelekwe kwao likazikwe. Ni miruko mitatu. Analipa nusu sasa na nusu atalipa shemeji yake watakapofika. Jeneza limezibwa, na anawaomba wasilifungue. Basi. Kweli yake inaweza kuwa kwamba kila alichosema ni sahihi, ila kule waendako mazishi ndiyo yanayofungua mlango wa urithi, na wako wasiotaka marehemu azikwe. Inaweza kuwa mume yu hai, amelala usingizi wa baridi, anaitoroka kampuni inayomdai nauli iliyomleta. Labda jeneza lina mawe ya sampuli. Labda halina kitu, na mama hajui. Labda maiti ina ugonjwa, na bandari ya pili ina karantini. Au mapafu ya marehemu yamejaa vumbi ambalo wenye mgodi huapa kwamba halimdhuru mtu.

Nilipokiweka mezani, dadu ilichagua hilo la vumbi. Yule wa Kilindini hakuuliza kuhusu maharamia. Aliuliza, "Karatasi ziko wapi? Cheti cha kifo? Kibali cha kusafirisha maiti? Sipakii mzigo usio na karatasi." Wakaenda zahanati ya mgodi, na daktari akakataa kutia sahihi. Muuguzi wetu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu anaogopa kuandika sababu ya kifo." Usiku mzima ukazaliwa humo. Walimbembeleza daktari, wakamtisha, wakamwonea huruma walipojua naye ana deni la nauli. Walijadili kama ni haki kulifungua jeneza ambalo mjane aliwaomba wasilifungue. Bunduki zilikuwapo kwenye orodha ya vifaa vyao na hakuna aliyezigusa, kwa sababu katika mchezo huu risasi humuua mtu haraka, na kila mmoja mezani analijua hilo. Hatimaye waliondoka na jeneza, na daktari akiwa abiria asiyelipa, wakijua kwamba nafasi yake ingeweza kuuzwa krediti 10,000 na benki haitapunguza kitu. Sijapata kuona mabaharia wakijivunia hasara namna ile.

Kwa meli zilizotelekezwa, ambazo kila refa huzitumia, shauri langu ni kuacha mazimwi. Soma habari za Mary Celeste, iliyokutwa Desemba 1872 baharini kati ya Azores na Ureno, shehena yake ya mapipa 1,701 ya alikoholi ikiwamo na watu kumi hawamo. Mabaharia wa meli ya Dei Gratia waliiokoa, wakaipeleka Gibraltar kudai ujira wa uokoaji, na huko wakajikuta wao ndio wanaoshukiwa. Hapo ndipo kisa kilipo. Meli tupu ni mali, na mali ina mahakama, bima na warithi. Wape wachezaji meli yenye thamani ya kumaliza deni lao lote, kisha waache waeleze kwa hakimu walivyoipata.

Na ukitaka hofu bila adui, soma habari za Salyut 7. Februari 1985 kituo hicho cha anga cha Wasovieti kilikatika mawasiliano. Juni mwaka huo Vladimir Dzhanibekov na Viktor Savinykh walirushwa wakakifuate. Hakikujibu, hakikujielekeza, basi Dzhanibekov alikikaribia na kukiunga na chombo chake kwa mkono. Ndani kulikuwa na giza na barafu, maji yameganda, betri zimekufa. Walifanya kazi wakiwa wamevaa kofia za manyoya, wakaziunganisha betri moja kwa moja na paneli za jua, kisha wakakizungusha kituo kwa injini za chombo chao ili jua liziangukie. Nimekiendesha kisa cha namna hiyo kwa swali moja tu kila zamu: mna nguvu za umeme kwa kitu kimoja, mnawasha nini? Taa, joto, feni za hewa au redio? Bila feni, hewa unayoitoa puani hukaa pale pale usoni. Wachezaji walikuwa wakinong'ona bila kuambiwa.

Hata hapa pwani pana mbegu za visa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kupima miali ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake viliwasaidia wanasayansi kukitambua Cygnus X-1, kinachohesabiwa kuwa shimo jeusi. Nimeigeuza kuwa kisa cha kijiji cha wavuvi kwenye sayari ya bahari, chenye jukwaa la kale ambalo serikali mbili zinalidai, na kumbukumbu za vipimo ambazo kijiji kimezitunza bila kujua bei yake. Mabaharia wanafika kama wanunuzi. Watawaambia wavuvi thamani yake halisi au la?

Yako ninayoyakataa. Siwapi wachezaji kazi ya kuokoa ulimwengu wote. Mtu hawezi kuwahurumia wakazi bilioni tatu asiowajua kama anavyomhurumia daktari mmoja mwenye deni. Siandiki mwisho. Refa aliyekwisha kuamua nani atakufa na nani atashinda amewageuza wenzake watazamaji, afadhali aandike riwaya. Na sitaki msaliti katika kila mwajiri. Wachezaji waliosalitiwa mara nyingi huacha kumwamini yeyote, na mezani pasipo na imani hakuna anayejitolea. Kila mtu huketi amekumbatia bunduki yake. Waache watu wengi wawe wakweli. Shida iwe kwamba wakweli wawili wanataka kitu kimoja.

Wewe unayetaka kuanza, usingoje kununua vitabu vingi wala kumaliza ramani. Dadu mbili, karatasi, na watu watatu au wanne wanaoheshimiana wanatosha. Andika deni la meli juu ya ukurasa wa kwanza, mahali wote watakapoliona. Mwombe kila mchezaji akutajie mtu mmoja aliyemwacha nyuma na bado anamkumbuka. Washushe kwenye bandari ndogo, ghala likiwa nusu tupu na malipo yakidaiwa baada ya wiki mbili, kisha waulize wanapakia nini. Ukishauliza, nyamaza, uwasikilize.