Umeme wa jua na umeme wa nguzo

Ndugu msomaji, je, kijijini kwako nguzo za umeme zimefika? Kwetu Singida zimefika. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu wakati huo vijiji vingi vimepata waya. Tunashukuru. Lakini waya kufika ni jambo moja, na umeme kuwamo ndani ya waya usiku kucha ni jambo jingine.

Mimi ni mfugaji wa kuku. Kuku wa Singida wanaliwa hadi Dar es Salaam, na labda nawe umewahi kuwala. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai hukaa humo siku 21, katika joto la nyuzi 37 na nusu. Kuku anayeatamia akitoka kula, hurudi mwenyewe. Mashine hairudi mpaka umeme urudi. Mwaka 2023 tulikuwa na mgawo wa umeme nchini. Mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ilianza kuzalisha umeme, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo upepo bado huangusha nguzo, na radi bado hupiga transfoma. Mayai hayaulizi sababu. Yakipoa kwa saa nyingi, vifaranga hufia ndani ya ganda.

Basi nilikopa katika kikoba chetu ili nifunge sola. Sikutaka ile ndogo ya taa mbili na simu. Nilitaka sola inayofanya kazi pamoja na umeme wa nguzo. Nitakueleza jinsi inavyokwenda, maana wauzaji wengi hueleza bei tu.

Paneli hupokea mwanga wa jua na kutoa umeme. Ni mwanga unaotakiwa, si joto. Paneli ikipata joto kali hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana fundi huacha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati. Umeme wa paneli na wa betri huenda upande mmoja tu. Umeme wa nguzo hugeuka huku na huku mara nyingi kwa kila sekunde, nao una volti 230. Kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uwe kama wa nguzo kinaitwa inveta. Mimi naiita mkalimani.

Mchana jua huendesha mashine yangu, na umeme unaobaki hujaza betri. Usiku betri hutoa. Betri ikishuka mpaka kipimo tulichopanga, inveta huchukua umeme wa nguzo. Umeme wa nguzo ukikatika, inveta hujitenga na waya wa nje na kuendelea na betri. Hufanya hivyo kwa kufumba na kufumbua. Lakini uliza kwanza kabla ya kununua! Zipo inveta za kuunganisha paneli na nguzo bila betri. Hizo huzimika umeme wa nguzo ukikatika, hata kama jua linawaka saa sita mchana.

Hebu chukua kalamu tufanye hesabu. Mashine yangu hutumia wastani wa wati 100. Usiku una saa 12. Zidisha 100 kwa 12, utapata 1,200. Taa nne za wati 9 zikiwaka saa 5 ni 180. Televisheni ya wati 60 kwa saa 3 ni 180 nyingine. Jumla ni 1,560. Uniti moja ya LUKU ni 1,000, kwa hiyo usiku wangu ni uniti moja na nusu, na kidogo juu yake. Betri yangu ni ya volti 24 na ampea-saa 100. Zidisha, utapata 2,400. Inatosha, na akiba inabaki.

Mbona nataka akiba? Kwa sababu betri haipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Betri ya asidi, mfano wa ile ya gari, usiishushe chini ya nusu. Betri ya lithiamu huvumilia zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Betri ya asidi pia hutoa gesi inayoweza kulipuka. Haifai kukaa chumba cha kulala wala karibu na jiko.

Sasa nije kwenye jambo lililokaribia kutugombanisha. Fundi wa kwanza alitoka mjini na inveta ya bei nafuu. Ilikuwa haina njia ya kuunganishwa na nguzo. Akasema, "Mama, hii tunaichomeka kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Umeme ukikatika, wewe zima swichi kubwa kwanza, basi."

Mtoto wa kaka yangu alikuwepo. Yeye hupanda nguzo, ndiyo kazi yake. Akauliza, "Shangazi, na siku ukisahau kuzima?"

Fundi akacheka. Yule kijana hakucheka. Alitueleza kwamba transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Hushusha volti kutoka waya mkubwa hadi nyumbani. Umeme ukitoka nyumbani kwenda nje, huzipandisha. Waya mkubwa kwetu ni wa volti 33,000. Mtu aliyeko juu ya nguzo anaamini waya umekufa, kumbe kuna nyumba moja bondeni inaulisha.

Nilimtazama mtoto yule niliyembeba mgongoni. Nikamwambia fundi afunge mkoba wake. Alinuna, akadai nauli, nikampa. Tulingoja miezi miwili mpaka tukapata fundi mwenye leseni na inveta inayojitenga yenyewe. Hiyo haipeleki umeme nje. Ukitaka kupeleka umeme wako kwenye waya wa nje, lazima upate kibali na mkataba wa shirika la umeme, na mita inayohesabu pande zote mbili.

Fundi wa pili alichimbia fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya radi na hitilafu. Paneli nne, kila moja ya wati 300, alizielekeza kaskazini, kwa sababu huku kwetu jua la mchana hupita upande huo miezi mingi ya mwaka. Alizilaza kidogo ili mvua ioshe vumbi. Alinitaka pia nikate tawi la mwarobaini. Nilimbishia, maana kivuli kile nakipenda. Akaniwekea kiganja juu ya kona ya paneli moja, na namba kwenye inveta ikashuka mara moja. Tawi likakatwa.

Mwezi Aprili mvua ya upepo iliangusha nguzo mbili barabarani. Giza lilikaa usiku mmoja na nusu siku. Mayai yalikuwa siku ya 18. Tulizima televisheni, tukabakiza taa moja. Asubuhi yule kijana alikuwa juu ya nguzo, nami nilimwona nikiwa uani. Siku ya 21, katika mayai 96, vifaranga 79 walitoka.

Deni la kikoba limebaki miezi minne.