Mchezo wa Nyota

Mwaka 1933, mjini Chicago, nyota wa ligi mbili kuu za besiboli za Marekani walikutana kwa mara ya kwanza. Enzi hizo timu za ligi hizo zilikutana kwa nadra kabla ya fainali, na nyota walipigania heshima ya ligi yao. Tangu 1997 timu hizo huchuana hata katika msimu wa kawaida. Mwaka 2002 mchezo wa nyota uliishia sare ya 7–7, warushaji wakiwa wamekwisha. Ndipo, kuanzia 2003 hadi 2016, ligi iliyoshinda ikapewa faida ya uwanja wa nyumbani katika fainali. Kisha zawadi hiyo ikaondolewa. Tunakiri: nasi huahidi zawadi pale hamu inapopoa. Lakini hamu hainunuliwi. Huzaliwa na kungojea.