Kilomita 21 na yaya wangu kule Moshi

Wamama wapenzi, wengi wenu mmeniuliza mbio za Moshi zikoje, na kwa nini mwanamke wa Salamabila aende mbali vile kwa ajili ya kukimbia tu. Naandika hapa ili niwajibu wote mara moja.

Moshi ni mji wa kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, ule mrefu kuliko yote ya Afrika, wenye mita 5,895. Tangu mwaka 2003 kunafanyika mbio ndefu pale kila mwaka, karibu na mwisho wa mwezi wa pili. Kuna kilomita 42 kwa wenye nguvu nyingi, kuna 21, na kuna 5 kwa familia, ambako unaona bibi na mjukuu wake wakienda pamoja. Yaya wangu, ambaye ameolewa Kigoma, alituandikisha wote wawili kwa zile 21. Yeye ana watoto sita na anauza dagaa. Alisema: «Wewe unatembea kwenda shule kila siku na shamba kila Jumamosi. Mimi nabeba beseni kutoka Kibirizi mpaka soko. Miguu tunayo tayari.»

Safari yenyewe mnaijua mwanzo wake: pikipiki mpaka Lulimba, kisha Fizi, kisha Baraka, halafu mashua ya kuvuka ziwa Tanganyika. Kutoka Kigoma tulipanda treni kupitia Tabora hadi Dodoma, na basi kupitia Babati na Arusha. Ndani ya treni niliwaza kwamba hii ndiyo njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare hadi Kasongo kwa Tippu Tip. Wapagazi waliitembea kwa miguu, wenye mizigo kichwani, na wengine wenye minyororo shingoni. Kiswahili chetu kilifika Maniema kwa miguu ya watu wale. Kwa hiyo mwendo mrefu si kitu kigeni kwetu. Kigeni ni kwenda mwendo mrefu kwa kupenda.

Moshi ni mji safi wenye miti mingi. Asubuhi mapema, kabla ya mawingu, mlima unaonekana wote na weupe wake juu. Watu wa pale, Wachagga, wanalima kahawa na migomba pamoja katika shamba moja linaloitwa kihamba, na maji yanatoka mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na mababu zao. Sombe yetu wanaiita kisamvu. Mama aliyetupokea alitupikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ambayo kwao ndiyo chakula cha mwanamke aliyetoka kuzaa. Alisema: «Kesho mtakuwa kama wazazi, kuleni.»

Mbio zinaanzia katika uwanja wa Ushirika, kungali baridi ya asubuhi. Tulifunga vikwembe vyetu juu ya suruali za michezo, namba kifuani. Baada ya mji, barabara inashika mlima kuelekea Mweka. Si mlima wa kutisha, lakini hauishi. Unapanda kilomita baada ya kilomita kati ya migomba, na kila kona unafikiri ni ya mwisho. Watoto wanasimama kando ya barabara wakipiga makofi. Kuna meza za maji, na kuna watu wa msalaba mwekundu na askari kwenye njia panda.

Sisi tulikimbia kidogo, tukatembea kidogo. Karibu na kilomita ya nane yaya alishika kiuno. Akaniambia: «Nenda. Mimi nakuja pole pole.»

Nilikataa. Hapa kwetu mnajua sababu. Tukienda shamba tunaenda kundi, tunarudi kundi, na yule mwenye mguu mbaya ndiye anayepanga mwendo wa wote. Hakuna anayemwacha mwenzake nyuma. Njia zetu zimetufundisha hivyo, kwa miaka hii yote ya bunduki. Hata kwenda haja, mmoja anasimama kulinda.

Yaya akarudia, sasa kwa sauti ya mkubwa: «Angalia barabara hii. Nani atanichukua hapa? Nenda.»

Nikaangalia. Wasichana wawili walikuwa wanapita peke yao wakicheka. Mama mmoja alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Nikaenda. Kilomita zilizobaki nilikimbia peke yangu, sehemu kubwa nikiteremka, na moyo wangu haukuruka hata mara moja kwa ajili yake. Nilifika uwanjani, nikanywa maji, nikakaa. Yaya alifika dakika kama 40 baadaye, anatembea, anazungumza na mwanamke wa Tanga ambaye walijuana njiani. Wote wawili walipewa medali kama mimi.

Nimefikiri sana juu ya hili tangu nirudi. Watu wanatuambia amani ni mkataba, ni mkutano, ni silaha kurudishwa. Kwangu mimi sasa amani ni barabara ambayo unaweza kumwacha dada yako nyuma, naye akafika kwa saa yake mwenyewe. Siku binti zetu watakapoweza hivyo kati ya Salamabila na Kasongo, tutajua kwamba imefika.

Tusingoje siku ile tukiwa tumekaa. Zamani wanawake walikatazwa mbio ndefu, eti mwili wao hauwezi. Baada ya michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, 1928, waliwaondolea mita 800 hadi 1960, na marathoni ya wanawake iliingia tu mwaka 1984. Mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya alishinda marathoni ya New York. Baadaye akaanzisha mbio za amani kwao kaskazini, ambako makabila yanayoibiana ng'ombe yanakimbia pamoja siku moja. Na mwaka 2016 binti wa kwetu Kongo, Beatrice Kamuchanga, alikimbia mita 5,000 kule Rio. Hapa kwetu msichana akifika miaka 13 tunamtoa uwanjani na kumpa bidoni.

Nawaletea pendekezo hili kwa vikundi vyetu. Jumamosi asubuhi, kabla ya shamba, tukutane kwenye uwanja wa mpira, katikati ya watu, si kwenye njia ya mbali. Kila mama aje na mmoja wa nyumba yake: binti, dada, wifi au mama mkwe. Tuzunguke uwanja, dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, kwa nusu saa. Mwenye mimba kubwa au aliyezaa juzi atembee tu, na mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza kituo cha afya. Leteni maji ya kunywa yaliyochemshwa. Kikwembe kinatosha, viatu vya bei si lazima.

Saa na filimbi nitaleta mimi.