Konzi ya Mama na Mizani ya Leicester

Mara ya kwanza kualikwa chakula kwa Waingereza, nilishiba mapema mno. Nilikula kuku wa kuoka, viazi na karoti, nikashukuru, nikaanza kutafuta kwa macho pa kunawia. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima wa nyumba ya pili kutoka yetu hapa Leicester, akakusanya sahani zote, akapangusa meza, akaingia jikoni. Aliporudi alikuwa na bakuli kubwa linafuka mvuke: maepo yaliyookwa chini ya unga uliofikichwa na siagi na sukari, na jagi la kastadi ya manjano pembeni.

"Umebakisha nafasi?" akaniuliza.

Sikubakisha. Hakuna aliyeniambia kwamba chakula kina awamu ya pili.

Neno la kitu kile nilikuja kulikuta kwenye kamusi: kitindamlo. Ni neno zuri, limefinyangwa kama kitindamimba, na maana yake inajisema yenyewe. Ila miaka yangu 27 ya Kikwajuni sikuwahi kumsikia mtu akilitamka, na si kwa sababu vitamu vilikuwa haba. Ni kwamba kwetu Unguja kitamu hakitindi kitu.

Tena aghalabu ndicho kinachofungua. Adhana ya magharibi ikilia mwezi wa Ramadhani, kinachotangulia mdomoni ni tende, halafu uji, halafu kila mtu na njia yake. Juu ya mkeka pameshapangwa muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, tambi za sukari, ndizi mbivu za nazi zinazonukia iliki, sambusa, kaimati. Hakuna wa kukwambia umalize samaki kwanza ndiyo uiguse kaimati. Marehemu baba akila ndizi yake ya nazi na kipande cha samaki chenye pilipili mkono mmoja, na hatukumshangaa. Miezi mengine, vitamu vina saa zao alasiri au baada ya isha, na mwenzi wao ni kahawa chungu. Kipande cha halua, kikombe cha kahawa kisicho hata chembe ya sukari, na maneno ya barazani. Chakula cha usiku kiko mbali, hakihusiki.

Jambo jengine niliona haya kuligundua: nilikuwa sijui kupika hata kimoja katika hivyo. Nilikuwa mlaji hodari, na ulaji hodari kwetu ni elimu ya nyumba za watu. Kaimati nilizifuata kwa mama mmoja nyuma ya msikiti, ambaye shira yake ilikauka juu ikang'aa na ndani ukakuta laini. Vitumbua vilikuwa kwa mama mwengine, na ukifika baada ya saa moja asubuhi unakuta anaosha chungu. Kashata za njugu zilikuwa za mzee mmoja wa kahawa, hazikuuzwa mbali na dele lake. Halua, wenye msimamo wao walisema ni ya Wete tu, na mtu akiwa na safari ya Pemba alishikizwa pesa na majirani kabla hajakata tiketi. Mama yangu zamu yake ilikuwa vileja. Sikukuu ikikaribia, nyumba tano sita zilimletea unga wa mchele na samli, akawarudishia mabati ya vileja. Kaimati hakuwahi kuzipika maishani mwake, na wala hakuona ni upungufu. Mwenye kaimati si yupo?

Kisha nikahamia Leicester. Misikiti ipo, tena mingi. Mama wa nyuma ya msikiti ndiye hayupo.

Nilijaribu kwanza mkate wa kumimina, kwa sababu ndio niliouota. Nikampigia mama simu. Loweka mchele usiku kucha, akasema, uusage na tui zito, tia hamira, sukari na iliki, uache uumuke, kisha umimine kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Nikafanya hivyohivyo, siku ya Januari. Kwetu mchanganyiko ule ukiuweka baada ya adhuhuri, alasiri unausikia unachemka wenyewe, mapovu yanapasuka juu. Hapa niliufunika kitambaa, nikausubiri saa moja, mbili, tatu. Ulilala kimya kama uji wa mgonjwa. Nikaufunika blanketi, nikausogeza karibu na hita, nikaingia kulala. Saa kumi za usiku nikaamshwa na harufu ya chachu: ulikuwa umepanda, umefurika, umetambaa chini ya hita na kulishika zulia la mwenye nyumba.

Siku hizi nauweka ndani ya oveni iliyozimwa, taa ya ndani tu ikiwaka. Joto la ile balbu linatosha, ndiyo Zanzibar yangu ndogo. Lakini hata ukiumuka, kuoka nako ni shughuli nyengine. Mama huutia mkate jikoni kwa makaa machache chini, na ukishaanza kushika anaupalia moto juu ya kifuniko, ndiyo maana mgongo wake unapata ile rangi ya hudhurungi yenye vidoa. Oveni inaoka kwa haki sawa kila upande. Mkate unaiva, unaliwa, unasifiwa na wageni. Vidoa sijavipata.

Kaimati nazo zimenigombanisha na kengele ya moshi. Mtu anayeminya unga kwa ngumi yake, kaimati inachungulia kati ya kidole gumba na cha shahada, hana mkono wa tatu wa kupungia taulo chini ya kengele. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeajiriwa kazi hiyo, na kila Ramadhani anadai mshahara.

Nilichokuja kukiona ni hiki: wapishi wa nyumbani wa Kiingereza hawana mgawanyo wetu wa zamu. Jirani yangu anapika keki, pai, biskuti na pudini za mvuke, yeye peke yake, katika jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Vitabu vimejaa rafu mbili. Lile shindano lao la televisheni, The Great British Bake Off, lililoanza mwaka 2010, limejengwa juu ya mategemeo hayohayo: wiki hii keki, wiki ijayo mkate, ijayo tena pai, na mshindi ni anayeweza vyote. Mwaka 2015 alishinda Nadiya Hussain, mwenye asili ya Bangladesh, na nakumbuka nilivyoshangilia kama ndugu yangu. Kikwajuni shindano la namna hiyo lisingemaliza hata siku moja. Mama wa vitumbua angeambiwa apike vileja, angevua kanga ya kiunoni akarudi zake nyumbani.

Hapa imebidi jiko langu liwe mtaa mzima. Mimi ndiye mama wa kaimati, mimi mama wa vitumbua, mimi mzee wa kashata. Vyote navijua kiasi, hakuna ninachokijua kama wao.

Angalau vifaa havinisumbui, na kwa hilo nawashukuru watu waliokataa kusikia la mkuu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, halmashauri ya mji wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Walikuja, kwa maelfu. Leo ukipita Belgrave Road unakutana na maduka ya ladu na jalebi yenye vioo vinavyong'aa, na nyuma yake maduka ya vyakula ambamo unga wa mchele unauzwa kwa gunia na iliki kwa kilo. Siku moja nimesimama mbele ya friza nasoma maandishi, mzee wa dukani akaniangalia mtandio wangu, akasema kwa Kiswahili, "Mama, nataka nazi ya kukuna? Hii iko safi. Nyumbani mbuzi iko?"

Nikamwambia, "Mzee, mbuzi nimemwacha Zanzibar."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Alizaliwa Jinja, akaniambia, na mama yake alikuwa na mbuzi wa nazi aliyemwacha kwenye ile nyumba pamoja na kila kitu. Aliponifungia pakiti mbili za nazi alizidisha kipande cha guru, akakataa pesa yake.

Vitamu vya Waingereza vyenyewe sivipendi vyote, na sitajifanya. Ile pudini yao nyeusi ya Krismasi naila kwa adabu. Jeli inayotikisika sili hata kwa adabu. Keki ya Victoria nimeikubali kwa ajili ya akili yake: unapima mayai na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja kiwe na uzito uleule wa mayai. Basi, huna la kukariri. Kastadi pia nimeielewa nilipojua kwamba ile ya unga haina yai. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliibuni mwaka 1837 kwa wanga wa mahindi kwa sababu mke wake alikuwa hapatani na mayai. Tangu hapo naimimina bila manung'uniko. Mwanamume aliyekaa jikoni kumtafutia mkewe cha kula anastahili heshima.

Lakini kilichonikamata ni ile pudini ya tofi inayonata, iliyopata sifa kutoka hoteli za kaskazini. Nilikula nusu bakuli bila kujua kilichomo, mpaka jirani akaniambia: tende. Zinakatwakatwa, zinamwagiwa maji ya moto na kijiko cha magadi soda, ndugu wa yale magadi ya kulainishia maharage, zinaloa mpaka zinavurugika kabisa, kisha zinachanganywa na unga na kuoka, na juu yake mchuzi wa siagi, malai na sukari. Nikakaa naitazama. Tende ileile ninayofungulia, hapa imefichwa, imepondwa jina na sura, imesukumwa mpaka mwisho wa meza. Siku hizi naipika Ramadhani, naiweka mkekani pamoja na samaki. Jirani alipoona aliuliza kwa upole kama nimesahau kitu.

Halua sijaithubutu. Kile ni kitu cha sufuria kubwa, moto wa saa nyingi na mikono ya watu wanaopokezana mwiko, wanga usije ukashika chini. Hiyo inasafiri mabegani mwa wageni, kutoka Unguja au kutoka kwa jamaa walioko Maskati, na ikifika tunaikata vipande vyembamba kama tunagawa mirathi.

Kuna jambo moja tu lililomuudhi mama kuhusu nchi hii. Ramadhani ya pili nilimpelekea jirani sahani ya kaimati. Baada ya siku mbili ilirudi, imeoshwa inang'aa, ndani yake kadi yenye maua na maneno ya shukrani. Nikamhadithia mama kwenye simu kama jambo la kupendeza. Akanyamaza kidogo.

"Sahani imerudi tupu?"

"Ilikuwa na kadi, mama."

"Umemkosea nini?"

Ilinichukua miezi kumjibu. Septemba jirani alibisha hodi na mkoba mzito wa maepo ya mti wake, hakutaja sahani wala kaimati, akasema tu yamezidi. Hesabu zake ni ndefu kuliko zetu, ndivyo nilivyomweleza mama. Akasema sawa, lakini afadhali angetia hata vitunguu.

Vileja ndivyo vilivyonipa kazi kubwa kuliko vyote, kwa sababu ndivyo vya nyumbani hasa, na ndivyo visivyo na maandishi. Kila nikiuliza, jibu ni lilelile: samli kiasi chake, sukari kiasi chake. Kiasi chake ni kiasi gani? Utakiona. Basi mwaka juzi nilipokwenda nyumbani nilichukua mizani ya jikoni kwenye begi. Mama alikaa kwenye kibao, akachota sukari kwa konzi yake, nami kila konzi naidakia kwenye bakuli kabla haijafika kwenye samli. Alinitazama kama mtu anayepima upepo. Konzi ya kwanza gramu 90. Ya pili 88. Ya tatu 91. Ya nne 90. Mkono wa miaka 72, usioona namba wala kuzitaka, haukupishana na nafsi yake hata gramu tano. Nikaandika kwenye daftari, nikarudi nalo Leicester, na kweli, vileja vikatoka. Si vyake hasa, vilikuwa vikavu kidogo, nikalaumu samli ya huku.

Mwezi uliopita shule ya mwanangu iliomba wazazi walete vitamu vya kuuza kuchangia vitabu. Nikapeleka vileja 60, vikaisha kabla keki hazijakatwa. Wazazi watatu wakaomba maelezo ya kupika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kuwapa: namba, nadhifu, kwa gramu. Jioni nikampigia mama, najisifu kidogo.

"Mama, shikamoo. Wazungu wanapika vileja vyako."

"Marahaba, mwanangu. Umewaambia sukari kiasi gani?"

"Konzi nne. Gramu 90 kila konzi, nilikupima mwenyewe."

"Ulinipima lini?"

"Nilipokuja. Umekaa uani, kwenye kibao."

"Siku ile?" Nikamsikia anacheka, anamhadithia mtu aliye naye chumbani, wanacheka wote wawili. "Siku ile mkono umevimba, nilibanwa na mlango wa kabati. Konzi haikufumba. Waambie waongeze."

"Waongeze kiasi gani, mama?"

"Kiasi chake."