Daraja la babu na kifua cha mtoto

Usiku ule mtoto alikohoa mpaka saa tisa. Mama yake alimkalisha kitandani, akamwekea mto mgongoni, akampulizia dawa ya pumu kwa kile kifaa cha bluu, kisha akabaki naye gizani akisikiliza kifua kinavyopiga filimbi. Baba alikuwa sebuleni, hatua chache kutoka hapo, anasafisha brashi yake ya hewa kwa thina.

Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, hata baba mwenyewe, ambaye mchana kutwa hutengeneza friji na viyoyozi vya watu na anajua vizuri kwamba gesi ikivuja chumba kimoja inafika chumba cha pili.

Familia hii inaishi Kimara, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Mtoto ana miaka 10 na ana pumu tangu akiwa chekechea. Watoto wa rika lake wanacheza mpira kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba. Yeye akikimbia dakika kumi anarudi ameshika kifua. Kwa hiyo amekuwa mtoto wa ndani, wa kuchora, kukata maboksi na kuuliza maswali.

Babu yake mzaa baba alifanya kazi Tazara, kwenye genge la kutengeneza njia ya reli kati ya Mlimba na Makambako. Kila anapokuja Dar kutibiwa miguu huzungumzia daraja la mto Mpanga, lenye nguzo zinazofikia mita 50 kwenda juu, na jinsi walivyokuwa wakitembea juu yake alfajiri bila kuona chini kwa sababu ya ukungu. Siku moja mjukuu akauliza: “Baba, kwani sisi hatuwezi kulitengeneza hapa nyumbani?”

Wakalitengeneza. Kwa vipimo vya moja kwa 87, ambavyo watengenezaji wengi wa treni ndogo duniani huvitumia, nguzo ya mita 50 inakuwa sentimeta 57. Mtoto alipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari la shule. Nguzo zilitoka kwenye maboksi magumu, reli kwenye vijiti vya mishikaki, na milima kwenye lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya.

Ilipofika zamu ya rangi, baba alitaka kazi ya kisasa. Alinunua Kariakoo brashi ya hewa, kile kibomba kama kalamu ambacho wapambaji wa keki na kucha hutumia. Kompresa hakununua. Aliichomoa kwenye friji lililokufa, akaifungia mtungi mdogo, geji, valvu ya kuachia hewa presha ikizidi, na chujio la kunasa mafuta na maji. Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya hatari. Kwa fundi friji ilikuwa kazi ya Jumapili moja.

Rangi alikwenda kuichukua anakokujua, kwenye duka la rangi za magari. Akapewa rangi ya kukauka haraka na lita moja ya thina ya bei ya chini. Ina sifa zake: inashika popote na inakauka wakati unaitazama. Ila mara ya kwanza alipoipuliza kwenye mlima, mlima ulianza kuzama. Thina huyeyusha povu lile kama sukari kwenye chai. “Baba, Makambako inaondoka!” mtoto alipiga kelele, na wote wawili wakacheka mpaka mama akaja kuchungulia.

Wakauvika mlima karatasi na gundi nyeupe ya mbao, wakaendelea. Masika ilipoingia, rangi ikawa inakauka na ukungu mweupe juu yake. Thina ikiruka haraka hupoza sehemu iliyopakwa, na unyevu wa hewani unanasa hapo hapo. Baba akawa anafunga madirisha ili unyevu usiingie. Alikuwa akifanya kazi hiyo usiku, baada ya kurudi kazini, na mtoto amekaa kwenye stuli pembeni yake ameshika taa.

Baada ya wiki ya tatu ya kukohoa, mama alimpeleka mtoto kliniki. Daktari akauliza maswali ya kawaida. Kuna anayevuta sigara nyumbani? Hapana. Mnapikia mkaa? Gesi. Kuna paka, zulia, udi? Hapana. Kuna mtu anapaka rangi?

Mama akanyamaza kidogo, kisha akampigia simu mume wake hapo hapo.

Daktari hakusema kwamba rangi ndiyo iliyoleta yote. Pumu ina vichochezi vingi na masika nayo ni msimu wake. Lakini aliwaeleza jambo ambalo kila mzazi mwenye fundi nyumbani anapaswa kulijua: harufu kali ya thina ni mvuke unaoingia mapafuni, na mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa na kiasi ambacho mtu mzima hakisikii. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haiuzuii mvuke huo. Kinachouzuia ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu, ikibana uso vizuri, na hakuna anayemvalisha mtoto wa miaka 10 kifaa hicho ili akae sebuleni kwao.

Baba alirudi jioni ile, akafunga kila kitu kwenye boksi la friji, akalisukuma chini ya kitanda. Thina alimpa fundi wa magari wa jirani. Hakumwambia mtoto neno. Wanaume wengi huomba radhi kwa namna hiyo, kwa kuondoa kitu, na mara nyingi wanaondoa na kingine kilichokuwa kimeshikamana nacho.

Kikohozi kilipungua. Mtoto naye alipungua. Akawa anatoka shule, anakaa mlangoni, anatazama wenzake wakicheza mpira. Ni mama aliyesema, wakati anapakua chakula: “Baba, umetoa rangi, sawa. Sasa mtoto afanye nini na wewe?”

Hapo ndipo baba alipoanza upya, safari hii kwa kusoma. Usiku aliokuwa anautumia kupuliza akautumia kwenye simu, na kilichomshangaza ni kwamba swali lake la zamani, rangi gani inashika vizuri, lilikuwa la mwisho kwa umuhimu. La kwanza ni rangi hii inazimuliwa na nini, kwa sababu kile kinachozimua ndicho kinachobaki hewani.

Rangi za gari za kuchanganywa na kigumu alizifuta kabisa. Kigumu hicho huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazojulikana kusababisha pumu hata kwa mafundi waliokuwa wazima. Rangi za mafuta za makopo nazo akaziacha, hasa makopo ya zamani yasiyo na maelezo. Njano, nyekundu na chungwa kali za zamani mara nyingi zilipata ung’avu wake kutokana na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Akiba yake ya njano iliyobaki kwenye geti la mwenye nyumba akairudisha kwa mwenyewe.

Ikabaki rangi ya maji. Hapo napo kuna mtego. Shemeji yake anayefanya kazi Dubai alimletea aina mbili za vichupa vya rangi za vinyago: Vallejo ya Hispania na Tamiya ya Japani. Zote zimeandikwa akriliki na zote husafishwa kwa maji zikiwa mbichi. Baba alifungua kila kichupa akanusa. Ya Vallejo haikuwa na harufu ya kumsumbua. Ya Tamiya ilikuwa na harufu ya spiriti, kwa sababu ndani yake mna alkoholi, na ndiyo maana inakubali kuzimuliwa kwa spiriti. Akaijaribu spiriti hiyo hiyo kwenye Vallejo, ikaganda kama mtindi ndani ya kikombe. Tamiya akaiweka juu ya kabati, ya kutumia siku mtoto akiwa kwa bibi.

Kazi ya kuzimua ndiyo iliyomrudisha mtoto mezani. Baba alimpa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5, na kumwambia: “Wewe ndiye utakayepima. Mimi nitapuliza.” Tundu la brashi yao lina upana wa milimita 0.3, na rangi nzito haipiti hapo. Ikipita inatema matone. Ikiwa nyepesi mno inatambaa kama buibui, miguu huku na huku. Walianza kwa rangi moja kwa kizimuo kimoja, wakaongeza tone baada ya tone. Kipimo chao ni maziwa fresh: ukiinamisha kikombe, rangi inashuka ukutani polepole na kuacha utando mwembamba unaoonekana. Ikiacha ukuta mtupu ni nyepesi. Ikikataa kushuka ni uji.

Mtoto aliandika kila mchanganyiko kwenye daftari, na kila mmoja ukajaribiwa kwanza kwenye karatasi nyeupe. Presha walishusha mpaka kati ya 15 na 20, kwa kipimo kile kile cha matairi ya gari, kwa sababu rangi nyepesi ikisukumwa kwa nguvu inatapakaa, na ukungu mwingi unaruka hewani badala ya kutua kwenye daraja. Matatizo yakaja yake. Maji ya kisima ya pale nyumbani yana chumvi, yakaacha madoa meupe, ikabidi watumie maji ya kunywa ya chupa. Joto la Dar nalo linakausha rangi kwenye ncha ya brashi kabla haijatoka. Dawa yake ilikuwa tone moja la glisirini ya duka la dawa kwenye kikombe. Walipoweka matone matano, mlima ulinata siku mbili na mbu wakaganda juu yake.

Rangi ya ukuta, ile ya ndoo, waliijaribu pia, kwa sababu vichupa vya kutoka Dubai ni ghali na milima ni mikubwa. Waliichuja kwa soksi ya nailoni ya mama, bila ruhusa. Bado iliziba tundu. Baba akaamua milima ipakwe kwa sponji na brashi ya mkono, na brashi ya hewa ibaki kwa daraja, treni na vumbi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote: ukungu hewani ukapungua sana, na mtoto akapata mlima wa kupaka kwa mkono wake bila mtu kumwambia asogee.

Kwa maana rangi ya maji haikumpa baba ruhusa ya kurudi sebuleni. Ikishapulizwa inakuwa vitone vidogo vinavyoelea na kuvutwa mapafuni, viwe na harufu au visiwe nayo. Vichupa vingine vina onyo la kutopulizwa kabisa, hasa vyenye rangi ya kadmiamu. Hivyo baba hupuliza uani, mchana wa Jumapili, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa usoni. Mtoto akishampa kikombe anaingia ndani na mlango unafungwa. Anatazama dirishani, kidole juu akitaka zaidi, kidole chini akitaka kidogo. Kipande kikishakauka ndipo anaitwa. Kifaa chake cha bluu kiko mfukoni, na dawa ya kila siku aliyoandikiwa kliniki anaipata asubuhi na jioni, hata wiki ambazo hakohoi.

Bado kuna usiku anaokohoa. Mama huamka, husikiliza, humhesabia pumzi, na siku hizi baba naye huamka.

Babu alikuja tena mwezi uliopita. Walimkalisha kwenye kiti mbele ya daraja: nguzo tatu, reli ya mishikaki, kichwa cha treni kinaingia kutoka upande wa Mlimba. Alilitazama kwa muda mrefu. Akagusa nguzo ya katikati kwa ukucha, akainama kuangalia chini ya daraja, pale ambapo mtoto alikuwa ameweka ukungu kwa rangi nyeupe iliyozimuliwa mara kumi, mpaka ikawa kama pumzi tu juu ya maji.

“Hapa mmepata,” alisema. Kisha akauelekeza mkongojo kwenye mlima wa kulia. “Lakini udongo wa kule si mwekundu hivi. Huu ni wa Kisarawe.”

Mtoto alishachukua bomba la sindano. “Babu, niongeze njano au kahawia?”

“Kahawia,” babu akasema. “Kidogo kidogo. Nitakwambia ikifika.”