Lamu, mji ambao kila mtu anakuona ukienda kuswali

KWA anayetoka Mombasa kwa basi, barabara ya Lamu inaishia Mokowe. Hapo mizigo hushushwa gatini, abiria wakavaa majaketi ya kuokolea na kuingia kwenye boti. Mwendo ni mfupi. Mji unatokea mbele na nyumba zake za mawe ya matumbawe zimepangana ufukweni, ngome ya tangu karne ya 19 iko nyuma kidogo, na minara ya misikiti imejitokeza juu ya mapaa. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu wa kale katika orodha ya urithi wa dunia. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, unatajwa kuwa ulijengwa mwaka 1370, na mji mzima una misikiti zaidi ya 20.

Ukiacha ufuo na kuingia ndani, vichochoro vinabana. Watu wawili wakikutana na punda mwenye mzigo, mmoja hulazimika kupanda kwenye daka, ule ukumbi mdogo wenye viti vya mawe mbele ya mlango wa nyumba. Hapo kwenye madaka na mabaraza ndipo wazee hukaa, na hakuna apitaye bila kusalimia. Mtoto ambaye hakwenda chuoni kusoma Kurani leo, habari yake itakuwa imefika kwa mamaye kabla ya alasiri.

Kwa mzazi hii ni neema. Mtoto wa Lamu ana walezi wengi kuliko wale walio kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Lakini ina upande wake mgumu, na masheikh wa pwani hawaachi kuutaja darsani: pale ambapo kila jicho linakuona ukienda msikitini, utajuaje kwamba unamwendea Mungu na si macho hayo? Hadithi ambayo Imam Bukhari aliitanguliza katika kitabu chake inahusu nia. Na sura Al-Maun, ambayo watoto wengi huihifadhi mapema kwa sababu ni fupi, inawaonya wanaoswali ili waonekane huku wakimsukuma yatima na kuwanyima watu msaada mdogo. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuisoma yote bila kukosea. Kuona nyumbani kwao ikitekelezwa ni jambo jingine.

Anayetaka kuielewa Lamu katika suala hili aelekee kusini mwa mji, mtaa wa Langoni, kwenye msikiti wa Riyadha.

Riyadha ni kazi ya Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilleil aliyezaliwa Ngazija na kuhamia Lamu katika karne ya 19. Lamu ya siku zile ilikuwa na matabaka yake. Waungwana wa Mkomani walikaa kwenye nyumba za mawe na elimu ya dini ilikuwa mikononi mwao. Langoni kulikuwa na vibanda vya makuti, wageni, mafukara, watumwa na watu waliotoka utumwani. Sheria iliyofuta utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907, na hata baada ya hapo heshima haikufuata mara moja.

Kwa nasaba yake Habib Swaleh angeweza kukaa na wakubwa. Alikwenda kukaa na watu wa Langoni. Aliwafundisha Kurani na elimu ambayo wengine waliona si stahili yao, na akawatibu pia, maana alijulikana kama tabibu wa dawa za asili. Aliwaachia watu waimbe na kupiga matari katika kumsifu Mtume, jambo lililowakera baadhi ya wakubwa wa mji. Darsa iliyoanza katika kibanda ikawa msikiti, kisha chuo kilichowavuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1935.

Leo watu humkumbuka zaidi kwa Maulidi. Kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, Lamu hujaa wageni kutoka Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko, kuna zefe, mashairi, mashindano ya mashua na ya punda. Ni sherehe nzuri, ingawa wapo Waislamu wasioafiki Maulidi na mjadala huo ni wa siku nyingi. Mgeni anayekuja kwa ajili ya mbio za punda tu, hata hivyo, anapitwa na kiini cha Riyadha. Kinachomfaa mzazi hapo ni ile picha ya mtu mwenye elimu akikaa mkekani na mtoto ambaye mji ulikuwa umeamua hana thamani, tena kwa miaka, bila ya mtu wa kumpigia makofi.

Tukiwa kwenye habari ya punda, ndani ya mji wa kale gari halina pa kupita, kwa hiyo punda hubeba mchanga, saruji, mawe na magunia ya unga. Watalii hupenda kumpiga picha. Wachache hutazama chini ya sogi, pale ngozi inapochubuka mzigo ukizidi au kamba ikiwa mbaya. Tangu mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary lina zahanati mjini, na punda hutibiwa bila malipo. Asubuhi huonekana vijana wamewaleta punda wao kusafishwa vidonda au kupewa dawa ya minyoo. Watoto wa Kiislamu husimuliwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Pale zahanati, habari hizo zina harufu ya dawa ya vidonda.

Ramadhani ndiyo inayoupima mji wa aina hii. Mchana huwa kimya, migahawa mingi imefungwa, na harufu ya chakula kinachopikwa adhuhuri inafika nyumba ya tatu. Katika mji kama huo, mgonjwa aliyeruhusiwa kula hujificha. Mama anayetumia dawa ya presha hunywa maji chooni. Baba mwenye kisukari hufunga na kunyamaza, kwa sababu atakaa barazani jioni na hataki kuulizwa. Si Lamu peke yake. Mitaa ya Mombasa, Tanga na Unguja inayajua haya vizuri.

Dini yenyewe haikumfunga. Aya ya 184 na ya 185 za sura Al-Baqara zimempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kufunga siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana fidia ya kumlisha maskini. Mtoto ambaye hajabaleghe halazimiki kufunga. Mama mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mwanawe ana ruhusa pia; kama atalipa siku, fidia au vyote viwili, hapo aulize sheikh wake, maana madhehebu yamehitilafiana.

Upande wa hospitali nao uko wazi. Mwenye kisukari anashauriwa kumwona daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, ili apimwe na dawa zipangwe upya kufuata futari na daku. Wengine huruhusiwa kufunga, wengine, hasa baadhi ya wanaotumia insulini, huambiwa wasithubutu. Anayefunga apime sukari hata mchana. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au 70 kwa vipimo vya miligramu, afungue hapo hapo. Ikizidi 16.6, yaani 300, afungue pia na atafute matibabu. Kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka si dalili za imani kuwa kali. Ni sukari imeshuka, na mtu anaweza kuzirai na kufa.

Mtoto aliye ndani ya nyumba huona yote. Akimwona babake anatetemeka saa tisa alasiri na bado hataki kunywa maji kwa kuogopa wazee wa baraza, amefundishwa saumu ni ya nani. Akimwona anakula kwa utulivu, kisha anapakua sahani ya maskini wa siku hiyo na kuifunika kawa, amefundishwa vingine. Katika nyumba nyingi sahani hiyo hupelekwa na mtoto kabla ya magharibi, naye huagizwa abishe hodi, atoe salamu, aikabidhi na kurudi bila maelezo.

Anayetaka kuizuru Lamu na familia wakati wa Ramadhani ajue mambo machache. Vaeni nguo za heshima, msile wala kunywa njiani mchana, na muombe idhini kabla ya kumpiga mtu picha. Wageni wasio Waislamu waulize kwanza kabla ya kuingia msikitini. Mahitaji ya watoto yanunuliwe mapema, kwa sababu jua likikaribia kuzama maduka hufungwa na njia kuu hubaki tupu. Baada ya tarawehe mji huamka tena, kaimati na viazi vya karai vinauzwa hadi usiku, na watoto wanacheza ufuoni. Wenye punda walioumia wapelekwe zahanati asubuhi, foleni ikiwa bado fupi.