Msuko wa Pembe

Fimbo ya pool ya kwanza niliyoinunua ili niiuze sikuipigia hata mpira mmoja. Niliifungua pale katikati inapoungana, nikakielekeza kiungo chake kwenye taa, nikaiona mistari myembamba inayopishana mfano wa ukili wa mkeka. Basi, yakaniishia maneno. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi na plastiki haina kitu, lakini pembe ya ndovu ina ule msuko. Nilitoa dola 700, fedha za wiki mbili za kuosha magari, na mwenyewe akazihesabu juu ya boneti la gari lake nje ya klabu, kaskazini mwa Philadelphia. Ilikuwa 1999.

Jicho hilo sikulipata Marekani. Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala Lamu, akitengeneza upya viti vya enzi, vile vyeusi vilivyotiwa njumu za pembe. Kazi yangu ilikuwa kumshikia ubao huku yeye akizungusha keekee, na ole wangu nitikisike. Pembe ilipopigwa marufuku Kenya, miaka ya 1970, alihamia kwenye mfupa wa ng'ombe na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Kwa hiyo nilipokutana na fimbo za Wamarekani zilizotengenezwa na fundi mmoja mmoja, kila moja na urembo wake, sikuona kitu kigeni. Niliona njumu.

Aliyenifundisha biashara ni mzee mmoja wa klabuni, mtu mweusi wa pale pale mjini, aliyeniita mwanangu tangu siku ya pili. Unaibingirisha fimbo juu ya meza huku umeinama hadi jicho likawa sawa na kitambaa, ikirukaruka, imepinda. Unapitisha ukucha mahali mbao mbili zinapokutana. Ukikwama, gundi imechoka. Kisha unauliza jina la fundi. Hapo ndipo bei ilipolala. George Balabushka, Mrusi aliyehamia New York, alianza kazi hiyo 1959 na kufariki 1975, akiacha fimbo elfu moja na ushei. Gus Szamboti, wa hapa hapa Pennsylvania, alifariki 1988. Fundi akishafariki, hata fimbo yake ya kawaida hupanda bei. (Katika filamu ya The Color of Money ya 1986, Paul Newman anamkabidhi Tom Cruise fimbo wanayoiita Balabushka. Ukweli ni kwamba ilikuwa ya kampuni ya Joss. Watu wangapi wameuziwa hadithi ile ile kwenye maegesho ya magari!)

Baada ya jina, pembe. Kiungo cha pembe ni chepesi kuliko cha chuma, uzito unarudi nyuma mkononi, na wachezaji waliapa kwamba pigo lake ni laini. Mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo kwa wateja, ingawa sina hakika kama ningeweza kulitofautisha nikifungwa macho. Kila Machi au Aprili tulikuwa tukienda kwenye maonyesho ya biliadi ya Valley Forge tukiwa na fedha taslimu mfukoni, na neno pembe lilitosha kupandisha bei kwa dola mia kadhaa.

Mwanzoni mwa 2009 eBay wakaacha kuruhusu pembe kuuzwa kwao. Tukasema si neno, mikono ipo. Mwaka 2014 jimbo la New Jersey likapitisha sheria yake ya kuipiga marufuku. New Jersey kutoka kwangu ni kuvuka daraja la Ben Franklin tu, na ghafla fimbo niliyoinunua dola 3,200 mwaka 2007 ikawa bidhaa upande huu wa mto na kosa upande wa pili.

Halafu 2016. Tarehe 30 Aprili, Kenya ilichoma tani 105 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Nilikuwa klabuni, runinga ikionyesha moshi, na jamaa mmoja akasema kwa uchungu kwamba hapo zinaungua fimbo milioni ngapi. Nilinyamaza. Julai ile, sheria ya shirikisho ikabana nchi nzima. Iliacha mwanya kwa kitu chenye pembe isiyofika gramu 200, lakini moja ya masharti ni uthibitisho kwamba pembe iliingia Marekani kabla ya 18 Januari 1990. Fundi gani alitunza risiti ya kipande kinachotosha kwenye kiganja? Mwaka huo huo kampuni ya Predator ikatoa Revo, sehemu ya mbele ya fimbo iliyotengenezwa kwa kaboni, isiyopinda hata ukiiacha garini. Vijana wakaanza kuja na kitako cha fundi mashuhuri na kaboni mbele, ile mbao ya fundi wameiacha nyumbani kabatini. Bado inaniuma kuliko sheria.

Mafundi nao wakageukia pembe ya kiwandani, na mojawapo inaitwa Juma. Ndiyo, Juma. Mara ya kwanza fundi aliponiuliza kama nataka Juma, nilidhani anamtafutia mtu kazi.

Ile fimbo ya dola 3,200 ilikaa kabatini hadi 2021. Mnunuzi alikuwepo, mwalimu wa Camden, ng'ambo ya daraja. Niliipeleka kwa fundi, akaiweka kwenye kerezo, akakivua kiungo cha pembe na kipande cheupe cha kwenye ncha, akaweka Juma. Ilichukua saa tatu, na kwa wakusanyaji fimbo ilikuwa imekwisha kuharibika. Ile pete ya pembe nimebaki nayo kwenye droo, kwa sababu hakuna ninayeweza kumuuzia. Mwalimu alinipa dola 1,400, na kwenye risiti nikamwandikia: kiungo ni Juma, si pembe.